Alichosema Mwanamke wa Tiketi

Alhamisi, 4 Aprili
Daftari hili ni la Penisimani. Mama mchungaji, Luseane, ametugawia wazee wote katika ukumbi wa kanisa, kila mtu lake. Kila Alhamisi saa kumi jioni tutaangalia filamu, wiki hii ya zamani, wiki ijayo ya siku hizi, halafu kila mtu aandike maoni yake nyumbani. Msimu wa viazi vikuu ukiisha atayakusanya ayasome.

Mkono wangu ni wa jembe, shule niliiacha mapema. Lakini kwa filamu hakuna mtu katika visiwa vyote vya Ha'apai wa kunifundisha mimi. Miaka tisa nilikuwa msimulizi wa sinema ya mjini Pangai, ile iliyobebwa na kimbunga ikabaki sakafu, sasa nguruwe wanalala hapo. Filamu zilikuja kwa Kiingereza na watu hawakujua Kiingereza. Nilisimama kando ya shuka jeupe na kipaza sauti, nikawapa kila neno kwa Kitonga, mwanaume kwa sauti nene, mwanamke kwa sauti nyembamba, farasi kwa sauti ya farasi. Watu walitoka visiwa vya mbali kwa mashua kuja kunisikia mimi. Picha waliziona tu kwa kuwa zilikuwepo.

Leo tumeona ya vita, ya zamani, haina rangi. Maoni: nzuri. Ningeisimulia mimi ingekuwa nzuri zaidi.

Alhamisi, 11 Aprili
Mvua tangu asubuhi. Ukumbi umefungwa mikeka madirishani ili kuwe na giza, tukakaa kama samaki ndani ya kapu.

Filamu ya siku hizi. Magari yanaruka juu ya maghorofa na hakuna anayeumia. Nilikuwa naanza kuizoea, mara mwanaume na mwanamke wakasogeleana. Mama mchungaji akakohoa. Nikachukua fimbo yangu nikatoka, kama inavyopasa, kwa sababu dada yangu Melenaite yupo. Yeye hakai ndani na mimi. Anakaa kwenye kibaraza cha jikoni, anaangalia kupitia dirisha la pembeni, ili tusionane. Kwetu kaka na dada hawasikii mambo ya mapenzi pamoja, hata wakiwa na miaka sabini na kitu. Nikasimama mvuani mpaka wakaja kuniita, na kumbe imekwisha.

Maoni: nimeona nusu. Hiyo nusu ni upuuzi.

Kitione naye yupo. Huyu alirudi mwaka jana kutoka Auckland, akiwa amemzika mkewe huko, baada ya miaka arobaini na saba. Anakaa kwa mpwa wake. Akiulizwa maoni anasema neno moja au mawili, na watu wote wanatikisa kichwa kana kwamba limeshuka kutoka mbinguni.

Jumamosi, 13 Aprili
Nimechimba viazi vya kwanza. Kimoja kirefu kama mguu wangu. Shamba la kila mtu mwaka huu limeoza kwa mvua ila langu. Vya kwanza ni vya dada, nimempelekea kapu moja. Dada yangu hakuolewa. Hapakuwa na mwanaume wa kumstahili. Alimtunza mama yetu mpaka alipofariki, akanilelea watoto wangu watano, hajakosa kiazi hata mwaka mmoja. Hilo nalo mama mchungaji aliandike mahali.

Alhamisi, 18 Aprili
Juma la Pasaka. Hakuna filamu. Mvua.

Alhamisi, 25 Aprili
Filamu ya wanyama wanaozungumza. Nilisimama nikatoa maoni kwa kirefu, kwamba sauti ya simba haikuwa sauti ya simba, na mimi nilikuwa natoa simba mpaka watoto wanajikojolea. Watu walicheka vizuri. Kisha Kitione akaulizwa. Akasema, "Yule kobe alikuwa anamkumbuka mtu." Basi. Wanawake wakafuta macho! Kobe!

Fololeni, mke wangu, njiani: "Lakini kweli, mume wangu, yule kobe..."
Nikamwambia, "Kobe ni kitoweo."

Alhamisi, 2 Mei
Mvua imepungua, upepo umegeuka kuwa wa kusini.

Mama mchungaji alisema leo kila mtu ataje filamu moja ya ujana wake ambayo angependa kuiona tena, na dada yake aliyeko Auckland atazitafuta. Watu wakataja. Za mapigano, za Biblia. Mimi nikataja tatu. Kisha mama mchungaji akaenda dirishani akauliza, "Na Bibi Melenaite je?"

Sauti ya dada yangu ikaja kutoka jikoni. "Ile ya garimoshi."

"Garimoshi gani, Bibi?"

"Penisimani anaijua. Kuna mwanamke anauza tiketi. Mwishoni analia. Nataka niione tena kabla macho yangu hayajapofuka kabisa. Nataka kuangalia kama ulikuwa moshi."

Watu wakacheka kidogo, hawakuelewa. Mimi sikucheka. Kitione alikuwa anaangalia mikono yake.

Filamu ya leo siikumbuki.

Jumamosi, 4 Mei
Makapu mawili ya viazi kwa dada.

Jumanne, 7 Mei
Mama mchungaji ataisoma hii, basi niieleze nisije nikaeleweka vibaya.

Hiyo filamu ililetwa mwaka ambao Kitione aliondoka. Mwanamke anauza tiketi kwenye kituo. Mwanaume anatia makaa kwenye garimoshi. Sisi garimoshi hatujaliona, niliwaambia watu ni meli ya nchi kavu. Mwishoni mwanaume anaondoka kwenda mbali, anatoa kichwa dirishani anamuuliza jambo, mwanamke anatembea kando ya garimoshi anajibu. Ni maneno ya mapenzi. Dada yangu kwa kawaida hakuja sinema, kwa kuwa ndiyo kazi yangu, lakini siku ile mhubiri alikuwa amesema filamu ni safi, na yeye akaja na wasichana wa kwaya akakaa nyuma kwenye mkeka. Nilimwona filamu imefika katikati. Ningefanya nini? Kaka hawezi kusema maneno ya mapenzi kwenye kipaza sauti dada yake anasikia. Nikabadilisha. Kila msimulizi mwenye adabu angebadilisha.

Nimelieleza vizuri. Nalala.

Jumatano, 8 Mei
Nimesoma niliyoandika jana. Sikuandika nilibadilisha nikasema nini.

Alhamisi, 9 Mei
Filamu ya wavuvi. Maoni: mashua zao chafu.

Jumamosi, 11 Mei
Makapu matatu. Dada alikuwa anasuka mkeka kwenye baraza yake, karibu uso wake uguse majani, ndivyo macho yake yalivyo sasa. Alipapasa viazi kwa mkono.

"Penisimani, mbona vingi kama vya msiba? Mwaka huu nimekufa?"
"Shamba limezaa, Dada."
"Fololeni anasema umeuzia watu vidogo, vikubwa vyote unaleta huku."
"Fololeni ana maneno."
"Una nini?"
"Sina kitu."

Nilitaka kumwambia. Lakini nitaanzaje? Kutamka tu mbele yake kwamba kulikuwa na mwanaume aliyemtaka, tayari nimemvunjia heshima. Nilisimama pale na fimbo kama mtu anayesubiri meli, kisha nikaenda nyumbani.

Alhamisi, 16 Mei
Ya zamani, ya muziki. Walisogeleana mara nne, nikatoka mara nne. Magoti yanauma.

Ijumaa, 17 Mei
Leo kwenye bakuli la kava, kile kinywaji chetu cha mizizi, nilianza mimi. Niseme ukweli, nilianza mimi. Vijana walikuwa wanamuuliza Kitione habari za Auckland na anawajibu kwa upole wake ule, nikasema kwa sauti, "Mtu kakaa ng'ambo maisha yote anasukuma matoroli ya nyama kiwandani, karudi anatufundisha kobe."

Wakacheka. Kitione naye alicheka. Akanipitishia kifuu cha kava kwa mikono miwili.

Baadaye wengine walipokwenda, tulibaki mimi na yeye na bakuli. Akasema, "Penisimani, unajua nilikuwa nalielewa kila neno?"

"Neno gani?"

"La zile filamu. Nilisoma miaka sita kwa wamisionari kule kisiwa kikuu, Tongatapu. Nilikaa mstari wa tatu tangu filamu yako ya kwanza. Wao wanasema 'habari za asubuhi', wewe unasema 'jambazi, mkono wangu huu una njaa'."

Niliona masikio yanawaka. Nikamwambia, "Na hukusema."

"Nisemeje? Ulikuwa unasimulia vizuri kuliko wao. Nilikuja kukusikia wewe, kama watu wengine."

Nilitaka kunyamaza. Mdomo ukakataa. "Hata ile ya garimoshi?"

Alizungusha kifuu mkononi muda mrefu. "Hata ile."

Akavaa kofia akaenda.

Jumamosi, 18 Mei
Kapu moja tu. Niliogopa ataniuliza tena.

Alhamisi, 23 Mei
Filamu ya garimoshi imepatikana. Mama mchungaji aliinyanyua juu, filamu nzima ndani ya kijiti kidogo kama kidole. Watu wakapiga makofi. Akasema ni Kiingereza kitupu, haina maandishi ya Kitonga chini, na hata yangekuwepo Bibi Melenaite asingeyaona. "Kwa hiyo," akasema, "Baba Penisimani atatusimulia kama zamani!"

Ukumbi mzima ukapiga miguu sakafuni. Penisimani! Penisimani! Miaka arobaini sijapigiwa miguu hivyo. Nilisimama, nikainama, nikatoa sauti ya farasi. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi mpaka nilipofika mlangoni.

Alhamisi, 30 Mei
Upepo mkali wa kusini. Paa la ukumbi linapiga. Filamu imeahirishwa. Nilimshukuru Mungu kwa upepo.

Alhamisi, 6 Juni
Upepo umetulia. Filamu haikuonyeshwa. Waya wa projekta haukuonekana. Walitafuta kwenye makabati, chini ya mimbari, jikoni. Mama mchungaji alikuwa karibu kulia.

Katekista akauliza nani alikuwa wa mwisho ukumbini Jumatano. Alikuwa Kitione, ndiye anayefagia. Watu wakamtazama. Mtu mmoja akasema, "Ng'ambo walizoea kuchukua vitu vya watu." Kitione akasema, "Labda ni mimi. Huenda niliukunja nikauweka mahali nikasahau. Uzee huu. Nisameheni." Akaanza kutafuta upya, amepiga magoti, anapapasa chini ya mabenchi, na mimi nimesimama na fimbo yangu.

Waya uko kwenye banda langu la viazi.

Ijumaa, 7 Juni
Fololeni aliingia bandani kutafuta kiazi cha chakula cha mchana. Akatoka na waya mkononi.

"Mume wangu, viazi vyako siku hizi vina mizizi myeusi?"

Nikakoroga chai yangu.

"Yule mzee wa watu kapiga magoti mbele ya ukumbi mzima. Nilimwona. Na wewe ulimwona."

"Utanyamaza?"

"Nitanyamaza. Miaka yote hii nimenyamaza. Unadhani wasichana wa kwaya hatukuwepo siku ile? Nilikaa kwenye mkeka ule ule, bega kwa bega na dada yako." Akauweka waya juu ya meza kando ya chai yangu. "Urudishe mwenyewe."

Jumamosi, 8 Juni
Leo nitaandika yote. Nikimaliza nitazishona kurasa hizi kwa uzi wa kuvulia zisifunguke. Mama mchungaji, ukikuta uzi usikate.

Kiingereza sikijui. Sikukijua hata siku moja. Mwenye sinema alikuwa ananieleza kila filamu mchana kwa maneno machache, huyu mwema, huyu mbaya, huyu anakufa, na yaliyobaki nilijaza mwenyewe. Watu wakaniita mwenye lugha mbili. Ningekuwa mtu wa jembe tu kama baba yangu, lakini nilipopita barabarani watu walisimama. Ni Kitione peke yake aliyekuwa na uwezo wa kulisema. Nilikuwa namwona mstari wa tatu. Mara moja alicheka mahali ambapo mimi sikuwa nimesema kitu cha kuchekesha, kwa sababu filamu yenyewe ilichekesha. Tangu siku hiyo nilimchukia.

Na alikuwa anampenda dada yangu. Kijiji kizima kilijua. Alikuwa hana shamba, baba yake alikuja kutoka kisiwa kingine, lakini alikuwa na adabu na maneno. Kazi ya kiwanda Auckland ilikuwa imemtokea, meli ilikuwa Jumanne. Watu walisema kabla hajaondoka atamtuma mtu kwa mama yetu kuposa. Nikawaza, huyu akiwa shemeji yangu, atakaa nyumbani kwetu, atakula nasi, na siku moja atasema mezani, jamani, huyu Kiingereza hakijui. Nikawaza pia, Melenaite akienda Auckland, mama atatunzwa na nani? Mimi? Mimi nina sinema.

Filamu ile nilikuwa nimeelezwa vizuri kuliko zote. Mwenye sinema aliniambia mwanamke anasema atamsubiri. Nilijua. Na dada yangu alikuwa nyuma, kweli, na maneno ya mapenzi nisingeweza kuyasema, kweli. Lakini ningeweza kukaa kimya. Ningeweza kuweka kipaza sauti chini nikatoka nje, watu wote wangeelewa, wangesema Penisimani ana heshima. Mlango ulikuwa hatua tano.

Nikasema kwa sauti nyembamba ya mwanamke: "Nenda zako. Huna shamba, huna nguruwe, una maneno ya vitabu tu. Panda meli yako na usirudi."

Ukumbi ulianguka kwa kicheko. Hakuna asiyejua ni nani asiye na shamba na mwenye maneno ya vitabu. Vichwa vyote viligeukia mstari wa tatu. Kitione alikuwa amesikia mwanamke alichosema kwa Kiingereza, na alisikia nilichosema mimi, vyote viwili kwa wakati mmoja. Sasa najua hivyo. Alisimama, akavaa kofia, akapita mbele ya mwanga, kivuli chake kikamfunika yule mwanamke shukani, uso wote. Jumanne akapanda meli. Hakutuma mtu.

Wiki moja baadaye dada alikuwa anapika majani ya magimbi kwa tui. Bila kunitazama akaniuliza, "Penisimani, yule mwanamke wa tiketi, mbona alikuwa analia huku anamfukuza?"

Nikamwambia, "Ule ulikuwa moshi wa garimoshi, uliingia machoni."

Akasema, "Aa." Akaendelea kukamua nazi.

Miaka arobaini na nane anafikiria moshi.

Jumatano, 12 Juni
Nimerudisha waya. Nilimkabidhi mama mchungaji mkononi nikasema aliyekuwa nao ni mimi na si Kitione, awaambie watu. Akaniuliza kwa nini. Nikasema ni ugonjwa wa wazee. Hiyo nayo si kweli.

Alhamisi, 13 Juni
Niiandike habari hii kabla sijaanza kuipamba.

Ukumbi ulijaa mpaka mlangoni. Kabla hatujaanza mama mchungaji alieleza habari ya waya, na katekista akamwomba Kitione radhi mbele ya watu. Mimi walinicheka. Mzee kaficha waya ili aombwe kwa kubembelezwa, walisema. Nikawaacha waamini.

Nikashika kipaza sauti. Garimoshi nililipiga kwa mdomo na mabati yakalia. Mkuu wa kituo nikampa sauti ya katekista, watu wakapigana mabega kwa kicheko, katekista mwenyewe akafuta machozi. Nilikuwa mzuri. Sijisifu. Sawa, najisifu, lakini nilikuwa mzuri, na kila nilivyozidi kuwa mzuri ndivyo nilivyozidi kujichukia, maana nilijua tunakokwenda.

Garimoshi likalia lile la mwisho. Mwanaume akatoa kichwa dirishani. Mwanamke akatoka kwenye kibanda cha tiketi akaanza kutembea. Nikasema, "Mama mchungaji, simamisha."

Akasimamisha. Mwanamke akabaki shukani, mdomo wazi.

"Jamani," nikasema, "mimi Kiingereza sikijui."

Wakacheka. Mtu akapiga kelele, "Huyo ndiye Penisimani wetu!"

"Sikijui. Sikukijua hata zamani. Nilikuwa nawadanganya. Kila Jumamosi kwa miaka tisa."

Kicheko kikapungua, kama mvua inayohamia kijiji kingine. Mzee mmoja akauliza, "Hata ile ya mfalme na tembo?" Nikasema hata ile. Akasema, "Lo." Nilimwona ameumia kweli, mtoto wake wa kwanza alimpa jina nililolitunga mimi.

Yaliyobaki sikuweza kuyasema. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi na nilijua ni nani yupo nyuma yake. Nilitembea mpaka mstari wa tatu. Anakaa pale pale mpaka leo. Nikamwekea Kitione kipaza sauti mkononi. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Sema alichosema mwanamke. Chote. Usinihurumie. Mimi natoka."

Akanitazama. "Una hakika, Penisimani?"

"Dada yangu yupo. Kaka anapaswa kutoka. Nimechelewa tu."

Nikatoka. Hatua hazikuwa tano, ukumbi huu ni mkubwa kuliko ule. Nilisimama nje chini ya kengele, mgongo ukiuelekea ukuta, upepo wa kusini unanipiga usoni. Mikeka ya madirisha haizuii sauti. Nilisikia garimoshi linaanza tena. Nilisikia mwanamke anasema maneno yake ya Kiingereza. Kisha Kitione. Hakubadilisha sauti kuwa nyembamba. Alisema kwa sauti yake mwenyewe, ya mzee, taratibu.

"Anasema... anasema, 'Nitakuwa hapa. Ukirudi mwakani nitakuwa hapa, na ukirudi una mvi nitakuwa hapa, kwenye dirisha hili hili. Wewe rudi tu.'"

Hakuna aliyekohoa. Kisha nikasikia kutoka upande wa jikoni, sauti ya dada yangu, wala haikuwa ya hasira, ilikuwa kama ya mtu aliyepata sindano aliyoipoteza sakafuni.

"Kumbe haukuwa moshi."

Jumamosi, 15 Juni
Nilipeleka kapu la viazi. Mlango wake ulikuwa umefungwa. Nikaliacha kwenye ngazi.

Jumatatu, 17 Juni
Kapu lipo pale pale kwenye ngazi. Nguruwe wameanza. Sikuwafukuza, si kapu langu tena.

Jumanne, 18 Juni
Nimekata uzi wa kuvulia. Nimempelekea mama mchungaji daftari. Nikamwambia, yapo humu mambo ambayo mdomo wangu hauruhusiwi kumwambia dada yangu, lakini wewe si kaka yake. Kamsomee. Yote, hata penye kujisifu. Aliondoka nalo saa nne asubuhi, akalirudisha saa tisa. Hakuniambia dada alisema nini. Macho ya mama mchungaji yalikuwa mekundu. Kurasa zina harufu ya majani ya kusukia.

Alhamisi, 20 Juni
Baridi. Hakuna mvua.

Nilipofika ukumbini mama mchungaji alinisimamisha mlangoni, anaona haya kuniambia. "Baba, leo Bibi Melenaite ameomba akae ndani."

Nikachungulia. Dada yangu ameketi mstari wa tatu, amejifunga mkeka mpya kiunoni kama tunavyovaa siku za heshima, uso umeinuliwa kuelekea shuka ambalo halioni. Kitione yuko kando yake, ameacha nafasi ya mtu mmoja katikati, anamweleza picha kwa sauti ndogo. Dada alikuwa anauliza, anauliza, kama mtu mwenye deni la maswali. Hakugeuka kunitazama. Sikutegemea ageuke.

Basi wakiwa wao ndani, wa kukaa nje ni mimi. Nilizunguka nikaenda kwenye kibaraza cha jikoni, nikakaa kwenye benchi lake, dirisha la pembeni.

Filamu ilikuwa ya siku hizi. Nafikiri ilikuwa na farasi.

Maoni: Sikuiona vizuri. Nguzo inakata nusu ya shuka, moshi wa jiko unaingia, na upepo wa kusini unapita mgongoni bila kuacha. Dada yangu amekaa hapa Alhamisi nane, na hakulalamika.